Bango la Tangawizi

Rangi alikuwa ameshalipita duka la kinyozi, anausukuma mkokoteni, ngazi imelala juu ya makopo na kichwa chake kimetokeza mbele kama shingo ya punda mkaidi. Hakuwa anakimbia, wala hakuwa anajivuta. Mtu mwenye tumbo kama lake hutembea vile tumbo linavyomruhusu. Nyuma yake shemeji yake, mke wa kaka yake, alikuwa anamfuata na chupa ya chai kifuani, kilemba kimemlegea, kandambili moja inataka kumtoka.

"Shemeji, simama basi. Chukua hata hii chupa tu."

Rangi hakugeuka.

"Nimeichuja vizuri, haina nyuzinyuzi. Shemeji!"

Kinyozi hakuwahi kuona jambo akalinyamazia. Alitoka mlangoni na mashine mkononi, mteja amemwacha na nusu kichwa. "Rangi! Unahamia wapi, ndugu yangu, mbinguni? Mbona umebeba ngazi?"

Watu wakacheka. Siku nyingine Rangi angecheka kuliko wote. Siku hiyo aliuma meno, akausukuma mkokoteni kwenye shimo, makopo yakagongana, akaendelea.

Sasa, mtu hamwachi ndugu yake wa tumbo moja mchana kweupe, mtaa mzima unatazama, kwa sababu ya neno dogo. Na hili halikuwa dogo. Lilikuwa na urefu wa ukuta.

Walikuwa ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, waandishi wa mabango. Mkubwa watu walimwita Chaki na mdogo Rangi, na majina yao ya kuzaliwa yalikuwa yameshapata kutu. Baba yao, naye mwandishi wa mabango, aliwagawia kazi tangu wangali wadogo. Mkubwa alishika chaki na uzi: anapima ubao, anapiga mistari, anachora maganda ya herufi. Mdogo alishika brashi: anayajaza. Na mjazaji alikuwa na sharti moja tu. Asisome.

Sababu yake mzee aliieleza mara nyingi, huku akiwa na brashi mdomoni. Ukilisoma neno, mkono unaanza kukimbilia mwisho wake, na hapo rangi inavuka mstari. Kwa hiyo Rangi alifundishwa kuiona A kama paa, O kama sufuria, T kama nguzo ya umeme. Tena ubao ulilazwa chini, na yeye mara nyingi alipiga magoti upande wa juu, herufi zote zimemgeuzia miguu. Aliweza kumaliza bango la duka la viatu, ukamuuliza limeandikwa nini, akakujibu, "Sijui, ila lilikuwa na sufuria nyingi."

Mtaa ulimcheka kwa hilo, na lilikuwa kweli tupu. Lakini rangi yake haikuvuka mstari hata kwa upana wa unywele. Wenye jicho walilitambua bango alilolijaza yeye kama unavyotambua kikohozi cha jamaa yako chumba cha pili. Ndivyo walivyoishi: mmoja anasoma kwa niaba ya wawili, mwingine anajaza.

Ugonjwa ulimwanza kama mchezo. Siku moja yuko juu ya ngazi anarudishia rangi bango la duka la vitabu, tumbo likamkamata, akashuka mbio. Akarudi, akapanda, likamkamata tena. Kaka yake akamtania kwamba leo ndiyo amejua faida ya ngazi. Lakini haikuishia siku hiyo. Kuhara kukawa ndiyo kawaida, kisha akaona damu, kisha nyama ikamwisha mwilini mpaka mkanda ukaomba tundu jipya. Alificha, kama watu wanavyoficha mambo ya chooni, mpaka siku alipoanguka na kopo la rangi ya kijani mkononi. Chaki ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kliniki, wote wawili kijani kichwa mpaka miguu, mlinzi wa geti akiuliza mgonjwa ni yupi.

Hilo nalo lisemwe. Chaki alimbeba.

Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimfanyia vipimo vyote, hata kile cha kuingiza kamera ambacho Rangi hakupenda kukizungumzia. Halafu akamkalisha, Chaki kwenye kiti cha pembeni, akamweleza kwa lugha ya watu.

"Utumbo wako mpana umevimba, na una vidonda. Hujala kitu kibaya, wala hakuna aliyekufanyia kitu. Mwili una askari wake wa kuulinda. Wako wamegeuka, wanaupiga utumbo."

"Askari wangu mwenyewe?"

"Wako mwenyewe."

"Kwa kosa gani?"

"Hilo hatulijui. Tunachojua ni namna ya kuwatuliza. Hivi vidonge utameza tumbo likiuma, na utameza lisipouma. Hasa lisipouma, maana hapo ndipo watu wanapojidanganya."

Vidonge vikafanya kazi yao. Damu ikakauka, mwendo wa chooni ukapungua. Lakini kulibaki makapi ya ugonjwa: kichefuchefu cha asubuhi, gesi, na msokoto baada ya chakula kama mtu anayekamua nguo. Hapo ndipo alipoingia shemeji yake na kinu chake. Alitwanga kipande cha tangawizi kama kidole gumba, akakichemsha kidogo, akakichuja kwenye kitambaa ili nyuzi zisiende kumkwaruza, akamletea uani.

"Kunywa taratibu, shemeji. Usinywe kama unakimbizwa."

"Mimi nakimbizwa kila siku. Uliza choo."

Alikunywa. Baada ya muda akapiga mbweu moja ndefu mpaka paka akatoka jikoni. Shemeji yake akacheka akashika ukuta. Tangu siku hiyo kikombe hakikukosekana, asubuhi na baada ya chakula, na kichefuchefu kikaanza kumsahau.

Hakuwa mtu wa kujiamulia, akamuuliza daktari. Daktari akasema tangawizi haina ubaya, mradi iwe ya kikombe na si ya ndoo. Ingemsaidia kichefuchefu na gesi. Ikimchoma kifua, apunguze. "Lakini vidonda niachie mimi na vidonge. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Rangi. Na Chaki, kwenye kile kiti cha pembeni, alitikisa kichwa kuliko mgonjwa.

Kwenye benchi la kliniki Rangi alipata rafiki. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Vifungo kwa sababu alikuwa havitupi, vimejaa mifukoni mwake, akitembea analia kama njuga. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Wawili hao waliujua mji kwa vyoo vyake. Mmoja akisema anaenda sokoni, mwingine anamwelekeza: pitia kwa muuza mikate, ana choo safi ila ana roho mbaya, usipitie benki, mlinzi wao anakuuliza kwanza unaenda kufanya nini.

"Nilimjibu naenda kuweka akiba," alisema Mama Vifungo, na benchi zima likaangua kicheko.

Yeye na vidonge hawakupikika chungu kimoja. Alivimeza, lakini kwa manung'uniko. Alisema kila asubuhi vinamkumbusha kwamba yeye ni mgonjwa hata kabla hajanawa uso. Siku moja alimwambia Rangi, "Wewe ukipata njia ya kuviacha, nishtue. Daktari simwamini sana, hana hili tumbo. Wewe unalo."

"Nikipata nitakushtua," alisema Rangi. Alisema kwa utani.

Wakati huo kazi ya mabango ilikuwa inakata roho. Mashine zilikuwa zinachapa turubai la rangi zote kabla chai haijapoa. Chaki alishinda kibarazani na chaki zake mfukoni, anapiga mistari kwenye vumbi kwa kidole cha mguu. Ila alikuwa na sikio. Mashavu ya Rangi yaliporudi, watu walimuuliza kila kona amefanyaje, naye aliwajibu wote jibu moja: "Vidonge vya daktari na chai ya shemeji." Chaki akagundua kwamba watu wanasikia nusu ya pili tu.

Akanunua tangawizi kwa gunia. Mkewe akaikata, wakaianika juu ya bati, wakaisaga, wakaitia kwenye makopo madogo. Rangi aliwafurahia. Aliona kaka yake amepata kitu cha kushika. Hata Chaki alipompiga picha na simu, kikombe mkononi, akimwambia, "Cheka kidogo wewe, si unapigwa picha ya kitambulisho," alicheka. Ya kumbukumbu, aliambiwa.

Kisha likaja bango. Kubwa kuliko yote waliyowahi kuandika tangu baba yao afariki: mbao tatu za plaiwudi, zikiunganishwa zinafunika ukuta. Chaki alikuwa ameshalichora Rangi alipoamka.

"La nani?" aliuliza Rangi.

"La viungo. Tajiri mmoja wa jumla."

Basi. Hakuuliza zaidi, kwani lini aliuliza? Alipiga magoti upande wa juu akaanza kujaza, nyekundu kwanza, nyeusi baadaye. Alifurahi sana siku zile. Mgongo ulimuuma, lakini ulikuwa uchungu wa kazi, si wa ugonjwa. Kutoka jikoni alisikia kinu, twa, twa, twa. Shemeji yake alimletea kikombe, akiinua miguu juu kama korongo asije akakanyaga herufi mbichi.

"Pumzika, shemeji. Herufi hazikimbii."

Kona moja ya ubao iliachwa tupu. Ilikuwa ya sura, na sura alichora Chaki peke yake. Alipomaliza kujaza, Chaki akamwambia akalale, bango atalipandisha na watu wengine. "Wewe bado mgonjwa," alisema, kwa sauti ya huruma.

Siku ya kliniki ilipofika, wiki kadhaa baadaye, Rangi alikwenda kuchukua vidonge vyake. Mlinzi wa geti alimshika mkono kwa mikono miwili. "Mzee, kopo moja linatosha mtu mzima au nichukue mawili? Mama mkwe wangu ana vidonda vya tumbo." Rangi hakumwelewa, akacheka kwa adabu. Ndani, Mama Vifungo hakuwepo kwenye benchi. Muuguzi wa dirishani alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe umekuja kufanya nini? Si umeshapona?"

"Nani kasema?"

"Wewe." Akamsukumia vidonge kama anamrudishia mtu nguo chafu. "Usije ukavitupa hivi navyo. Kuna watu wanavihitaji."

Alitoka nje na pakiti mkononi, kichwa kimemjaa maji. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa ghala linalotazamana na geti la kliniki, palikuwa na bango jipya. Kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa kazi yake. Alizijua zile herufi. Aliijua ile G iliyonywa rangi akairudia. Aliijua ile sufuria ya mwisho, aliyoijaza huku shemeji yake amesimama pembeni na kikombe. Kwa mara ya kwanza zilikuwa zimesimama kwa miguu yao, naye amesimama mbali nazo. Juu kushoto, sura yake mwenyewe ilikuwa inamcheka na kikombe mkononi.

Akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanyia bango lake. Akalisoma.

NILITESEKA NA UTUMBO. NILITUPA VIDONGE. TANGAWIZI YA CHAKI IMENIPONYA.

Watu walipita, wengine wakimtazama yeye kisha ukuta, kisha yeye. Mwanamume mmoja alimpungia mkono. Rangi alibaki na pakiti ya vidonge mkononi, hajui aifiche wapi. Halafu fikra moja ikamchoma kama sindano: Mama Vifungo hakuwepo kwenye benchi.

Alimkuta kwake, chumba cha nyuma ya cherehani. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Alikuwa amelala ubavu, midomo imemkauka, ndoo chini ya kitanda imefunikwa gazeti. Kopo la tangawizi lilikuwa dirishani, kijiko kimesimama ndani.

"Umeacha vidonge," alisema Rangi.

"Si uliniambia utanishtua?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ukanishtulia ukutani, mbele ya watu wote."

"Dada, sikusema mimi. Mimi nameza. Hivi hapa, nimetoka kuvichukua sasa hivi."

Alivitazama vidonge muda mrefu. Kisha akamtazama yeye, na hapo Rangi akatamani macho yale yarudi kwenye vidonge.

"Mbona hukuja kuniuliza?" alisema Rangi.

"Nikuulize nini? Angekuwa mtu mwingine kwenye lile bango, ningekuja kukuuliza. Nikasema labda ni picha tu, watu wanaibiwa picha. Nikasogea mpaka chini ya ukuta. Nikaangalia kingo za herufi." Alifumba macho. "Hakuna tone lililovuka. Nikajua ni mkono wako. Nikasema, Rangi hawezi kuandika uongo juu ya tumbo letu."

Rangi alianza kumweleza habari za kaka yake, za chaki na mjazaji, za kupiga magoti upande wa juu wa ubao. Hata masikioni mwake mwenyewe ilikuwa kama hadithi ya mtoto aliyevunja kikombe. Mama Vifungo aligeukia ukutani. Rangi akatoka akamtafuta mwenye gari la kubebea vitambaa, wakamlaza nyuma, wakampeleka. Daktari alimpokea mgonjwa. Alimtazama Rangi mara moja juu ya miwani, akafunga pazia.

Chaki alikuwa kibarazani anabandika karatasi kwenye makopo.

"Kaka, lile bango."

"Umeliona? Nilitaka ulione likiwa limesimama. Limependeza, eh?"

"Mama Vifungo naye ameliona. Yuko kliniki, wanamwongezea damu."

Chaki aliweka kopo chini. "Kwa sababu ya bango?"

"Kwa sababu yangu. Ndivyo anavyojua yeye."

"Usianze. Hebu niambie, umepona, hujapona?"

"Nimetulia. Sijapona."

"Kupona, kutulia. Mtu anapita barabarani, ana nafasi ya kupima tofauti?"

"Vidonge nimevitupa lini?"

"Ah, hiyo ni lugha ya biashara! Sabuni inaandikwa inang'arisha kama jua. Umemwona nani amevaa jua?"

"Ulikuwepo, kaka. Ulikaa kwenye kile kiti. Daktari aliposema, ulitikisa kichwa kuliko mimi."

Chaki akafuta gundi vidoleni. Alipofungua mdomo tena, hakuwa na utani. "Sikia nikwambie. Yale maneno yote umeyajaza wewe. Kila herufi, kwa mkono wako, mchana kweupe. Kama hukuyataka, mbona hukusoma?"

Kuna tusi linalokutoa machozi na kuna tusi linalokukausha. Maisha yake yote Rangi alimpa huyu mtu macho yake amtunzie, kama unavyompa mtu mzigo wako wakati unafunga kamba ya kiatu. Sasa aliulizwa kwa nini hana mzigo.

Mlangoni shemeji yake alikuwa amesimama, mchi mkononi.

"Shemeji, ulijua?"

"Nilimwambia asiweke lile la vidonge."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilimwambia, shemeji. Haki ya Mungu nilimwambia."

"Ukaniletea chai." Alisema polepole, kama mtu anayejifunza kusoma. "Ukainua miguu usizikanyage."

Mwanamke akaanza kulia. Chaki akamwambia anyamaze, kwani kuna msiba?

Baba yao alipofariki, mkubwa aliachiwa uzi na vipimo, mdogo akaachiwa brashi na ngazi. Rangi akaingia ndani akaitoa ngazi yake.

Ukutani pale mbele ya kliniki watu walijaa kabla hajafika kidato cha juu. Kinyozi alikuwa ameshafika, maana ana mguu mmoja dukani na mwingine kwenye habari za watu. Rangi alichovya brashi kubwa kwenye rangi nyeupe, akaifuta sura yake kwanza, macho, kicheko, kikombe. Halafu akafuta maneno. Ubao ulipobaki mweupe, akachukua brashi ndogo, na hapo ndipo alipokwama. Hakuwahi kuchora herufi hata moja maishani mwake. Alijua kujaza tu. Palikuwa hapana ganda la kujaza.

Akaanza hivyohivyo, bila uzi, bila chaki. B ya kwanza ikavimba tumbo. A ikainama.

"Hiyo A imelewa!" alipiga kelele kinyozi. "Ishikilie isianguke!"

Watu wakacheka, Rangi akaendelea. Rangi ilichuruzika, ikavuka kila mahali. Katikati ya neno la pili tumbo likamkamata kwa nguvu kama mkono wa mlevi. Akashuka, akavuka barabara mbio, mlinzi akampisha geti bila kuuliza, akaenda kwenye choo cha kliniki. Akarudi amelowa jasho, akapanda tena. Safari hii hakuna aliyecheka.

Alipokuwa juu alihisi ngazi imetulia ghafla, haitikisiki, kama zamani. Akatazama chini. Chaki alikuwa ameishika kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye kidato cha chini, vilevile alivyomshikia tangu wangali vijana.

"Shuka, mdogo wangu. Tutazungumza nyumbani. Unatuaibisha."

Hapo ndipo Rangi alipojua kwamba kati yao wawili jambo limekwisha. Alikuwa juu ya ngazi na kaka yake ameishika, na alikuwa anaogopa.

"Toa mkono wako kwenye ngazi yangu, kaka."

"Ukianguka je?"

"Toa."

Chaki akautoa. Kinyozi, pasipo kuambiwa, akaja akaishika. Rangi akamalizia. Maneno yalikuwa yamepinda, makubwa mwanzoni na madogo mwishoni, maana nafasi ilimwishia: BADO NAMEZA VIDONGE. TANGAWIZI NI YA KICHEFUCHEFU TU. MUULIZE DAKTARI.

Aliyasoma mara mbili kabla ya kushuka.

Kesho yake akapakia mkokoteni. Chaki alikaa kibarazani akamtazama akifunga kamba, hakusimama. Alisema tu, "Utarudi. Nani atakuchorea?" Rangi akakaza fundo. Ndiyo safari ile tuliyomkuta nayo, shemeji anamfuata na chupa ya chai. Mwisho wa mtaa mwanamke alimpita mbio, akaiweka chupa juu ya mkokoteni, kati ya makopo, akasimama akihema. Rangi aliushusha mkokoteni, akaichukua chupa kwa adabu kama mtu anayemrudishia mgeni kofia aliyoisahau, akaiweka chini ukingoni mwa barabara. Tumbo lake lilikuwa linaitaka. Alilisikia likiitaka. Akaushika mkokoteni akaenda.

Ile chai aliinywa kinyozi, akasema ilizidi ukali.

Mama Vifungo alilazwa muda mrefu. Vidonge viliporudishwa vilikuwa vimechelewa, wakamkata utumbo mpana wakautoa, na sasa anatembea na mfuko wa kupokea choo ubavuni. Amerudi kwenye cherehani. Anashona vifuniko vya kitambaa vya mifuko hiyo kwa wagonjwa wenzake, vina kifungo kimoja kila kimoja. Rangi akimsalimia, anaitikia. Kwenye benchi la kliniki akifika wa kwanza hamwekei nafasi.

Chaki aliendelea kuuza makopo mpaka watu wa afya walipokuja kuyachukua. Baada ya hapo alinunua mashine ya kuchapa maturubai. Inachora na kujaza yenyewe.

Shemeji anauza tangawizi mbichi sokoni, kwa fungu. Mtu akimuuliza inatibu nini, anasema anauza, hatibu.

Daktari yule alihamishwa, akaja mwingine, kijana. Mlinzi wa geti yupo.

Rangi alipanga chumba upande wa pili wa mji, nyuma ya karakana ya reli, karibu na choo. Anaandika mabango peke yake, madogo, ya vibanda. Herufi zake bado zinapinda. Anameza vidonge kila asubuhi. Amenunua kinu kidogo, anajitwangia tangawizi mwenyewe na kuichuja mwenyewe, na kila mara zinabaki nyuzi.

Lile bango la ukutani halijatolewa. Mvua imelichubua, na palipochubuka nyekundu ya chini inaonekana, imejazwa vizuri, haijavuka mstari.